Galaksi inayopita juu ya Nungwi

Mwezi wa Juni, watu wanapotoka msikitini baada ya sala ya Isha, ipo galaksi inayofika utosini kabisa mwa Nungwi. Inaitwa 3C 279. Kwa macho haionekani, maana iko umbali wa miaka ya nuru bilioni 5 hivi. Nuru yake tunayoipata leo iliondoka huko kabla Jua letu halijazaliwa. Katikati yake limo shimo jeusi kubwa mno, linalorusha mkondo wa chembe kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, na mkondo wenyewe umeelekea huku kwetu. Galaksi za namna hii huitwa blazari.

Tarehe 16 Juni 2015, siku chache kabla ya Ramadhani, 3C 279 iliripuka kwa mionzi ya gama, yaani nuru yenye nguvu kubwa mno isiyoonekana kwa macho. Nguvu yake ilikuwa ikipanda maradufu ndani ya dakika chache tu! Aliyeyaona hayo ni setilaiti ya Fermi, kwa sababu hewa ya dunia huizuia mionzi hiyo isifike chini. Fermi ilirushwa na Marekani Juni 2008, wakati Unguja nzima tulikuwa gizani umeme wa kutoka bara umekatika. Ndani ya Fermi mna mabamba membamba ya tungsteni. Fotoni ya gama, yaani chembe moja ya nuru hiyo, ikigonga bamba hugeuka elektroni na positroni, na tabaka za silikoni huzifuatilia njia zao mpaka ijulikane fotoni ilitokea upande gani wa mbingu. Setilaiti huipitia mbingu yote kila saa 3 hivi, usiku na mchana, kwani blazari haitoi taarifa kabla ya kuripuka.

Sasa, data zote hizo ni bure. Mwanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pale Tunguu mwenye kompyuta ya kawaida na bando anaweza kuzipakua usiku huu, akachora grafu ya 3C 279 siku kwa siku, akaona mwenyewe nukta zinavyotambaa chini halafu ghafla zinapaa. Mimi naona ni hasara kubwa kwamba hatufanyi hivyo.

Najua watu watasema: maji ya bomba hayatoki, wewe unatuletea galaksi? Lakini kijana aliyejifunza kutenganisha ishara ya kweli na kelele ndani ya data ndiye huyo huyo tutakayemhitaji kwenye hali ya hewa, kwenye samaki, hata kwenye hayo maji.

Tena Waafrika wenzetu wamo. Darubini za H.E.S.S. ziko Namibia, na Julai 2006 zilinasa mripuko wa blazari PKS 2155-304 uliokuwa ukibadilika kwa dakika. Zenyewe hungojea giza kama wavuvi wetu wa dagaa, kwa kuwa gama yenyewe haifiki chini, ila ikigonga hewa huacha mmweko hafifu wa buluu, na mmweko huo zinaoutafuta humezwa na mbalamwezi.

Sisi hatuhitaji mitambo ya ukubwa ule. Blazari ikiripuka kwa gama, mara nyingi hung'aa pia kwa mwanga wa kawaida, na darubini yenye kioo cha sentimita 30 ikifungwa kamera inatosha kuupima. Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningeiweka Makangale, Pemba, mbali na taa za mahoteli. Kazi ianze Juni, masika yakishapita na mawingu yamepungua.