Pakua kabla intaneti haijazimwa

Intaneti ilipozimwa Tanzania siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, aliyekumbuka siku hiyo kutafuta programu ya kutuma ujumbe bila mtandao alikuwa keshachelewa. Angeipakua kwa bando gani? Uganda yalitokea hayohayo Januari 2021, na Kongo waliufungua mwaka 2019 wakiwa gizani. Wala si lazima serikali ihusike: Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikataabika.

Ndiyo maana nasema programu hizi ziwekwe kwenye simu leo, mambo yakiwa shwari. Na ziwekwe na watu wa mtaa mmoja, maana peke yako hazikusaidii kitu. Bitchat, mojawapo ya programu hizo, hutumia Bluetooth: ujumbe hutoka simu yangu, ukadakwa na simu ya jirani, ukarushwa tena mbele, hadi mara saba. Kila mruko ni makumi ya mita tu. Kariakoo, stendi au hosteli za chuo utafika. Kijijini, nyumba zikiwa mbalimbali, utakwama njiani, na shangazi aliye Muscat hataupata kabisa.

Mimi naipendelea Briar, programu nyingine ya aina hiyo. Mkiwa pamoja, kila mmoja anaskani msimbo kwenye simu ya mwenzake, basi mmeshaunganishwa. Tena mwenye Briar anaweza kumrushia mwingine programu yenyewe kwa Wi-Fi ya simu yake, bila intaneti. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote. Ila ni ya Android. Wa iPhone hawamo.

Tusidhani tu kwamba kukosa intaneti ni kuwa na siri. Waandamanaji wa Hong Kong waliikimbilia Bridgefy, nayo ya Bluetooth, mwaka 2019. Mwaka uliofuata watafiti wa chuo cha Royal Holloway, London, wakaonyesha kuwa ujumbe wake ungeweza kusomwa na mtu mwingine. Bitchat nayo ilitolewa Julai 2025 kabla usalama wake haujakaguliwa na watu wa nje. Kwa kuulizana nani yuko salama, duka gani limefunguliwa na dawa zinapatikana wapi, zinatosha. Majina ya watu wanaotafutwa msiyaandike humo.

Kikao kijacho cha kikoba au jumuiya, kabla hamjatawanyika, toeni simu muunganishane.