Nilimtibu Mwenyeji, Kumbe Aliyeugua Ni Mgeni

Ofisi yangu ni chumba kidogo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, na kazi yangu ni uhasibu, ambao katika duka la namna hiyo maana yake ni kujua wakati wowote ni mifuko mingapi ya saruji imebaki, nondo za milimita 12 ni ngapi, na ni nani aliyechukua misumari ya inchi 3 akaahidi kulipa Ijumaa bila kutaja Ijumaa ya mwezi gani. Hesabu zote hizo zimo ndani ya programu ya stoo iliyonunuliwa kabla sijaajiriwa, ambayo aliyeitengeneza hapatikani tena kwa simu, na ambayo haikubali kuishi kokote isipokuwa ndani ya Windows 7. Kompyuta ya zamani iliyoibeba ilipokata roho, mpwa wangu anayesomea mambo hayo Dodoma alikuja likizo, akaweka programu iitwayo VirtualBox kwenye kompyuta mpya yenye Windows 10, na ndani yake akatengeneza kompyuta pepe ya Windows 7, yaani kompyuta nzima isiyo na chuma wala waya, inayokaa ndani ya dirisha kama samaki ndani ya chupa. Kwa kuwa Windows 7 ilikwisha kuachwa bila marekebisho ya usalama tangu Januari 14, 2020, aliikatia intaneti kabisa.

"Mjomba," aliniambia, "hii ya nje inaitwa mwenyeji, na hii ya ndani inaitwa mgeni."

Nilifurahi sana, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa kompyuta alikuwa ametamka maneno ninayoyajua tangu utotoni. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Laiti ningejua jinsi methali hiyo ingenigeuka!

Mpwa wangu alipoondoka, nilifanya mambo mawili kwa hiari yangu, bila kushauriwa na mtu yeyote. La kwanza lilikuwa la mapenzi: niliweka picha ya kitinda mimba wetu, aliyevaa joho la mahafali ya chekechea na kucheka kwa pengo la meno mawili ya mbele, iwe mandhari ya kompyuta ya nje, kisha nikaiweka hiyo hiyo kwenye kompyuta ya ndani ili kusiwe na upendeleo. La pili lilikuwa la tamaa. Katika mipangilio ya skrini ya mgeni kuna kisanduku cha kuwezesha michoro ya 3D, ambacho mpwa wangu alikuwa amekiacha kitupu. Nilikitazama kwa muda, nikawaza kwamba orodha ya stoo ikiwa ya 3D huenda mabati yakaonekana kama mabati na saruji ikaonekana kama saruji, nikatia alama ya vema.

Mabati yalibaki kuwa tarakimu. Hata hivyo, Jumatatu asubuhi, nikiwa katikati ya kuandaa hati ya kutolea mzigo wa mifuko 200 ya saruji ya kwenda Dumila, skrini ya mgeni iligeuka nyeusi, ikakaa hivyo kidogo, kisha ikarudi na ujumbe pembeni mwa saa ukisema kwamba kiendeshi cha skrini, yaani programu inayoiongoza kadi ya kuchorea picha, kiliacha kuitikia lakini sasa kimepata nafuu. Baadaye nilielezwa kwamba tangu enzi za Windows Vista mfumo huo huipa kadi ya skrini sekunde 2 tu za kuitikia, na ikikaa kimya zaidi ya hapo, mfumo hukizima kiendeshi na kukiwasha upya. Sekunde 2! Mimi nina wadaiwa wa Kihonda ambao nimewapa miaka miwili, na bado nawasalimia.

Nafuu yenyewe ilikuwa ya mgonjwa anayeinuka kunywa uji na kulala tena. Kila nilipofungua ukurasa wa hati, skrini ilizimika na kurudi, na ilipofika saa nne ilikuwa imekwisha kuanguka mara tatu. Kwa kuwa lori letu la Fuso lilikuwa limesimama uani likingoja karatasi, niliona ni wajibu wangu kumwarifu mwenye duka, Hajati, aliyekuwa Dar es Salaam kununua mzigo. Kitu hicho kwa Kiswahili cha vitabuni huitwa kiendeshi, na mpwa wangu hukiita draiva, lakini mimi, kwa kumheshimu Hajati ambaye hapendi maneno ya kuokotezwa, niliandika kwa Kiswahili changu safi: "Shikamoo Hajati. Dereva wa skrini ameanguka mara tatu tangu asubuhi, hivyo mzigo wa Dumila utachelewa."

Simu iliita kabla sijaweka chini.

"Mhasibu! Dereva wa Skania kaanguka wapi? Na sisi tangu lini tuna Skania?"

"Si Skania, Hajati, ni skrini."

"Ameumia?"

"Hapana, Hajati. Akianguka hukaa kidogo, halafu anarudi mwenyewe."

"Anarudi mwenyewe, halafu?"

"Halafu anaanguka tena."

Kimya kilipita, cha mtu anayekisia gharama.

"Huyo amelewa," alisema Hajati. "Mnyang'anyeni funguo sasa hivi."

Nilifungua kinywa nieleze, lakini alikuwa amekwisha kukata na kumpigia mlinzi. Kupitia dirishani nilimwona mlinzi akimwendea dereva wetu wa Fuso, mzee mtulivu ambaye hajawahi kuonja hata togwa iliyolala, akinyoosha kiganja. Yule mzee alitoa funguo bila neno, akaketi kwenye benchi chini ya mwembe. Nilijiambia kwamba nitalirekebisha jambo hilo mara tu skrini itakapotulia, na hapo ndipo lilipo kosa langu la tatu.

Jumanne mpwa wangu alikuwa kwenye mitihani, kwa hiyo msaada wote niliopata ulikuwa ujumbe mmoja: "Shikamoo mjomba. Zima mgeni na kumwasha upya. Ikishindikana, ondoa draiva ya skrini ndani ya mgeni halafu uiweke tena. Ukiiondoa herufi zitakuwa kubwa, usiogope." Niliusoma upesi kama mtu anavyosoma maelezo ya dawa ya kikohozi. Maneno "ndani ya mgeni" yalikuwapo mara moja tu, katikati, bila kupigiwa mstari.

Mimi hupenda kumfungua mgeni akajaza skrini nzima, dirisha lisionekane, ili nijihisi niko kwenye kompyuta yangu ya zamani. Basi nikiwa humo nilibonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, nikachagua kuwasha upya. Sikujua kwamba vitufe hivyo vitatu, hata ukivibonyeza ukiwa ndani kabisa ya mgeni, hupokelewa na mwenyeji, kama mtu anayebisha hodi chumba cha wageni mlango ukafunguliwa na baba mwenye nyumba. Ilikuja skrini ya bluu iliyotulia, ikanionya kwa adabu kwamba VirtualBox bado ina shughuli, na kuniuliza kama niendelee hivyo hivyo. Niliendelea hivyo hivyo.

Kompyuta yote ikazimika, ikawaka, na mwanangu akatokea na pengo lake. Mtu mwingine angejiuliza yuko wapi. Mimi nilimwona mtoto, nikaridhika kwamba niko ndani ya mgeni, nikafungua orodha ya vifaa, nikakuta kwenye sehemu ya skrini jina la Intel, nikalibofya, nikachagua kuondoa, na palipotokea kisanduku kinachouliza kama nifute na mafaili ya kiendeshi chenyewe, nikatia alama ya vema, kwa kuwa mkono wangu tayari ulikuwa na mazoea hayo.

Herufi zikavimba kama za kitabu cha darasa la kwanza. Sikuogopa, kwa maana nilikuwa nimeambiwa nisiogope. Nilianza kutafuta programu ya stoo miongoni mwa alama zilizokuwa sasa kubwa kama vigae, nisiione. Badala yake niliona alama ya VirtualBox. Nilishangaa kwa dhati ni nani aliyeweka VirtualBox ndani ya mgeni, na kwa dakika nzima niliamini kwamba mgeni wetu naye amekaribisha mgeni wake bila kuomba ruhusa. Nilipoifungua, nikakuta humo Windows 7, na chini ya jina lake neno linalomaanisha kwamba mashine hiyo ilikatizwa ghafla. Nikaiwasha. Ndani ya dirisha, ndani ya skrini iliyovimba, akatokea mwanangu mwingine mdogo mwenye joho, akicheka mbele ya mwanangu mkubwa mwenye joho, mapengo ya meno manne kwa jumla, kisha yule mdogo akawa mweusi na hakurudi tena.

Hapo ndipo jasho lilipoanza kunitoka. Mgonjwa alikuwa chumba cha ndani, na mimi nilikuwa nimempasua mwenye nyumba.

Jumatano niliipoteza kwa ujasiri. Mpwa wangu alikuwa amehifadhi hali ya mgeni kama ilivyokuwa mwezi Februari, kitu kama picha ya mashine nzima ambayo unaweza kuirudia, nami niliirudia. Skrini iliwaka, ikanitosha kuona kwamba tuna mifuko 640 ya saruji, ilhali stoo nzima siku hiyo ilikuwa na mifuko isiyozidi 300, na kwamba yule wa misumari ya inchi 3 hadaiwi kitu, kwa sababu mwezi Februari alikuwa bado hajaja. Miezi mitatu ya kazi yangu ilikuwa imefutika, na mdaiwa wangu amesamehewa na mashine. Sikula mchana.

Jioni simu iliita.

"Shikamoo mjomba. Nimemaliza mtihani. Mnaendeleaje?"

"Marahaba, baba. Tunaendelea kurudi nyuma."

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo kwa kijana si dogo, kisha akauliza, "Hiyo kadi uliyoiondoa ilikuwa na jina gani?"

"Intel."

Nilisikia pumzi.

"Mjomba, ndani ya mgeni hakuna kadi ya skrini ya Intel. Kule kadi ya skrini ina jina la VirtualBox lenyewe, kwa sababu ni ya kuigiza. Ukiona Intel hapo, uko nje."

Aliniuliza swali la pili, kama niligusa kisanduku cha 3D, nami nikamweleza kuhusu mabati. Hakucheka, au alisogeza simu mbali. Alinifafanulia kwamba kisanduku kile kikiwa na alama, kazi ya mgeni ya kuchora hupelekwa kwa kadi halisi ya mwenyeji kupitia kiendeshi cha mwenyeji, na wawili hao wasipoelewana, anayeanguka ni mgeni. Kikiwa kitupu, michoro yote hufanywa na prosesa, polepole kidogo, lakini orodha ya nondo haihitaji zaidi ya hapo. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimempa mgeni wa watu kazi ya kubeba magunia, kisha alipoteguka nikamvunja mgongo mwenyeji aliyekuwa akimsaidia.

Kuhusu ile miezi mitatu, aliniuliza kama nilipokuwa nairudia Februari kuna kisanduku kilichojitolea kuhifadhi hali ya sasa kwanza, na kama nilikitoa alama. Nilimwambia kweli tupu, kwamba sikukisoma. "Alhamdulillahi," alisema, "basi kipo." Kisanduku hicho huja na alama tayari, na uvivu wangu wa kusoma, ulioniangusha Jumanne, ndio uliookoa hesabu za duka Jumatano.

Matengenezo yenyewe yalichukua chini ya saa moja. Tulikirudisha kiendeshi cha Intel kwa mwenyeji kupitia intaneti, tukamzima mgeni kabisa kwa sababu akiwa macho mambo hayo hayabadilishiki, tukairudia ile hali iliyohifadhiwa, tukaondoa alama ya 3D, tukapandisha kumbukumbu ya skrini hadi MB 128, kisha tukamwasha na kumwekea upya zile programu nyongeza za mgeni, ambazo hutokea ndani yake kana kwamba ameingiziwa sahani ya CD, na ambazo ndizo zenye kiendeshi chake halisi. Nilifundishwa pia kwamba ukitaka kumtumia mgeni Ctrl, Alt na Delete, unashika Ctrl ya kulia na kubonyeza Delete. Nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya skrini.

"Na ubadilishe mandhari, mjomba," alimalizia. Nimebadilisha. Nje amebaki mtoto. Ndani nimeweka picha ya mama mkwe wangu, ambaye nikimwona tu hukaa wima, nikatoa mkono mfukoni, na kujua bila shaka yoyote kwamba niko ugenini.

Alhamisi saa mbili na nusu printa ilitoa hati ya Dumila, mifuko 200, bila skrini kupepesa. Nilitoka nayo mwenyewe mpaka chini ya mwembe, ambako dereva wetu alikuwa ameketi siku ya nne, kofia magotini.

"Mhasibu," alisema kwa upole, akipokea karatasi, "nasikia nimeanguka. Naomba kujua tu, ni mara ngapi?"

Nilimwambia kwamba nilikuwa nimehesabu hadi kumi na moja. Alitikisa kichwa kwa kujihurumia, akauliza kama kampuni itamlipia matibabu, kisha akamtazama mlinzi. Mlinzi alisema funguo haziwezi kutoka bila neno la Hajati, kwa hiyo nikampigia, nikamweleza kila kitu kwa utaratibu, mwenyeji, mgeni, kisanduku, sekunde 2, mpaka salio langu likaanza kunionya.

"Nimeelewa," alisema Hajati. "Mpeni mzee funguo zake aende. Lakini hiyo Skania imekaa uani kwangu tangu Jumatatu. Mwambie mwenyewe aje alipie maegesho."