Disinodonti wa Ruhuhu wapewe chumba Songea

Ukitaja visukuku vya Tanzania, watu hukimbilia Olduvai, na wachache hukumbuka Tendaguru kule Lindi. Bonde la Ruhuhu, mto unaoingia Ziwa Nyasa karibu na Manda, halimo midomoni mwetu kabisa. Linaniuma sana hilo, kwa sababu miamba yake imehifadhi wanyama waliotangulia dinosaria wa Tendaguru kwa zaidi ya miaka milioni 90.

Wengi wao ni disinodonti: wala majani wa miguu minne, wenye mdomo mgumu wa kobe na, kwa wengi, pembe mbili zinazoshuka kutoka taya la juu. Ukiwatazama haraka utasema ni reptilia, kumbe wako upande wa ukoo uliotuzaa sisi mamalia. Baadhi yao walinusurika maangamizi ya miaka milioni 252 iliyopita, yaliyofagia viumbe wengi wa nchi kavu na baharini. Baadaye sana, Poland ikawa na Lisowicia, mwenye mwili wa kutosha kushindana na tembo.

Mimi nampenda zaidi yule mdogo, Kawingasaurus, aliyepewa jina la Kawinga, mahali palepale bondeni. Alichimba ardhi kwa kichwa na mikono, na sikio lake la ndani lilikuwa kubwa mno, pengine kwa kunasa mitetemo ya udongo. Mnyama wa namna hiyo, mwenye jina la kwetu, angemfanya mtoto wa darasa la tano asahau kwenda mapumziko!

Lakini mtoto huyo atamwona wapi? Katika miaka ya 1930 wanajiolojia Stockley na Nowack, na mtaalamu wa visukuku Parrington, walikusanya mifupa mingi Ruhuhu, nayo ikaishia London, Tübingen na Cambridge. Tangu 2007 watafiti wamerudi bondeni na kupata mingine mingi, na bado kijana wa Ruvuma au Njombe anaweza kumaliza shule asijue kwamba dunia ya wataalamu inalifahamu bonde lao.

Songea tayari kuna Makumbusho ya Majimaji. Pale pale kitengwe chumba kimoja: nakala za plasta za mafuvu, ramani ya bonde, maelezo ya Kiswahili, na majina ya vijiji ambako mifupa ilichimbwa. Nakala hazihitaji kuwanyang'anya Wazungu chochote, na makumbusho hubadilishana nakala kila siku. Mazungumzo ya kurudisha mifupa yenyewe yaendelee kwa wakati wake, ila watoto wasisubiri.