Jini gani huyo?

Jana usiku, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi yangu wa Likoni alitupa picha: samaki wa rangi ya waridi, pua ndefu kama upanga, taya zimechomoza, meno kama sindano. Chini yake sauti: "Mwanangu, umeliona jini hilo? Desemba mje, lakini kukoga baharini, hapana!"

Mimi niko Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, kwa hivyo najikuta wakili wa samaki nisiyeweza kukutana naye. Huyo ni papa, yule aitwaye goblin shark kwa Kiingereza. Mara nyingi hukaa kwenye kina cha mita 270 hadi 960, na amepatikana hata karibu na mita 1,300. Mtoto anayechezea maji kwenye ufukwe wa Shelly, pale Likoni, atamwona wapi?

Kinachoniudhi ni jina. Wajapani walimwita tenguzame, kwa kumfananisha na tengu, kiumbe wa ngano zao mwenye pua ndefu. Waingereza nao wakamwita goblin, yaani zimwi. Mwaka 1898 David Starr Jordan, mtaalamu wa samaki kutoka Marekani, alimpa jina la kitaalamu, Mitsukurina owstoni, baada ya papa mchanga wa mita moja na kidogo kuvuliwa karibu na Yokohama. Tangu hapo, picha nyingi za papa huyu ni za maiti, taya nje. Nani kati yetu angependa kujulikana kwa picha ya mochari?

Akiwa hai, taya hukaa ndani, na anabaki papa tu, mwenye pua. Ule uwaridi ni mishipa ya damu inayoonekana kupitia ngozi yake. Mwili ni tepetepe, misuli hafifu; mbio haziwezi. Ila pua imejaa vitundu vinavyohisi umeme mdogo wa viumbe hai. Ngisi akijisahau karibu, taya zinafyatuka kama manati, kasi ya mita 3 kwa sekunde, zinanasa, zinarudi. Silaha ya mvivu, nami nishindaye kitini namwelewa kabisa.

Yote hayo nilimweleza shangazi kwa sauti ya dakika tatu. Ndiye hunitumia papa mkavu kwa basi, kafungwa magazeti mawili na mifuko mitatu, na bado abiria hulalamika. Alikaa kimya kidogo, kisha akajibu:

"Haya, nimekusikia. Sasa na huyo, tui la nazi analikubali?"