Maiti Mwenye Kamera

Ukiisoma haraka karatasi ya kazi za wiki ya mpiga picha wa gazeti dogo, utadhani ni ya watu sita walioajiriwa kwa makosa. Jumatatu kikao cha halmashauri. Jumanne hundi. Jumatano shimo la barabarani, lilelile la mwezi uliopita, maana msomaji kaandika barua tena. Alhamisi bibi aliyetimiza miaka 100. Ijumaa kusimama nje ya mahakama kumvizia mtu atakayetoka amejifunika koti usoni, kwa hiyo ukipenda unaweza kupiga picha ya koti tu ukaondoka. Jumamosi mpira. Jumapili “kitu chochote chenye jua”, kwa ajili ya ukurasa wa hali ya hewa.

Mpira unataka shata, yaani muda wa kamera kufunguka, ya sehemu moja ya elfu ya sekunde (1/1000), la sivyo miguu ya wachezaji inageuka ukungu. Kikao cha halmashauri hakitaki kasi yoyote, hakuna kinachosogea pale. Na hundi, hundi ndiyo itakayonizeesha. Mnalijua lile boksi kubwa wanaloliita “mfano wa hundi”, linaloingia mlangoni kwa ubavu. Watu saba wamelishika, wote wananitazama mimi, hujui nani anatoa na nani anapewa. Kapsheni yake naiandika nikiwa nasinzia: “Wa pili kulia, akikabidhi mfano wa hundi. Wanaoshuhudia ni…” Machi 4, 1880, gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha kwa njia ya vitone vidogo vya wino, moja ya picha za kwanza kabisa kuingia gazetini kwa namna hiyo. Ilikuwa ya vibanda vya watu maskini, na ndani yake hakuna anayemkabidhi mtu chochote. Naiheshimu sana picha ile.

Sasa wiki ninayoisimulia, katikati ya bibi na mahakama, mhariri alikuwa amechomeka mstari kwa kalamu nyekundu: “Zimamoto, zoezi la uokoaji, saa 3 asubuhi. LETE MSISIMKO.”

Nikafika na mapema. Jengo ni ghala tupu, limejazwa moshi wa mashine, meza zimepinduliwa, na humo ndani wamelazwa watu waliojitolea kuwa majeruhi. Wamepakwa damu ya bandia vizuri mno, mmoja alinisalimia nikashindwa kuitikia. Kila mmoja ana kadi shingoni inayoeleza masaibu yake: “Nimevunjika mguu, napiga kelele.” “Sisikii vizuri.” Waandaaji nao walikuwa na vizibao vya kung'aa gizani, ila nilipoomba changu nikaambiwa vimeisha. “We nenda tu kaka, una kitambulisho.” Kweli, kitambulisho changu cha kazi kilikuwa shingoni, kimeandikwa kwa herufi kubwa MPIGA PICHA.

Fleshi ndani ya moshi haina maana. Mwanga wake unagonga moshi na kukurudia usoni, unaambulia karatasi nyeupe. Kwa hiyo nikaizima, nikapandisha ISO, uwezo wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, bado giza, nikashusha shata hadi 1/15. Na kwa kasi hiyo kamera ikitikisika hata kidogo umekwisha. Dawa ni kulala kifudifudi, viwiko sakafuni, unatoa pumzi nusu, unaibana, halafu unabonyeza taratibu, kama wafanyavyo walenga shabaha. Hata hewa ya kule chini huwa safi zaidi, moshi unapanda juu. Nikajilaza pembeni ya mlango kusubiri waokoaji waingie: wao wawe wamevurugika kwa mwendo, mlango na vifusi vitulie. Msisimko wenyewe huo.

King'ora kikalia. Buti zikaanza kunijia. Nikabana pumzi.

Picha ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Nikaendelea kubana. Ndipo nikahisi mkono begani, nikageuzwa chali kama godoro linaloanikwa, na taa ya kichwani ikanimulika machoni.

“Huyu hapumui!” Sauti ya binti.

Na kwa wakati ule ilikuwa kweli, nilikuwa bado sijaiachia ile pumzi, tena mshtuko uliikaza zaidi. Akaninyanyua kidevu, akarudisha kichwa nyuma kufungua njia ya hewa, akainamisha shavu lake mdomoni kwangu. Jamani, wewe ukiwekewa shavu la mtu usiyemjua karibu na mdomo ghafla, utapumua? Mimi nilishindwa. Akasubiri kidogo, akatoa kadi nyeusi mfukoni, akanifunga mkononi kwa kamba. Kisha akainuka aende.

Hapo pumzi ikarudi yote kwa mkupuo. “Dada! Dada, mimi mzima!”

Akachuchumaa tena, akasoma kitambulisho changu kwa tochi. “Mpiga picha,” akasoma. “Eeh, umepewa nafasi nzuri. Lakini mbona hawajaandika umeumia wapi?”

“Sijaumia! Mimi ni mpiga picha wa kweli!”

Akageuka kutazama nyuma, na nyuma yake alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye ubao wa kuandikia na uso usio na msamaha. Mtahini. Binti akanisogelea sikioni: “Kaka yangu, nakuomba. Huu ni mtihani wangu wa mwisho. Nikimfungia mtu mzima kadi nyeusi nimefeli. Kufa dakika kumi tu.”

Kabla sijajibu mzee akafika, akawageukia wanafunzi wengine na kuanza kufundisha huku kiatu chake kikiwa karibu kabisa na sikio langu. “Kijani, anatembea mwenyewe. Njano, ameumia lakini anaweza kusubiri. Nyekundu, hawezi kusubiri. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, nyekundu. Nyeusi?” Kimya. “Nyeusi hana haraka tena.” Wakacheka. Mimi wakati huo kwa hasira nilikuwa napumua mara 40 na kitu, kwa kanuni zao wenyewe nilistahili nyekundu na machela, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwonea mtu wivu kwa kubebwa.

Mzee akahesabu kwenye ubao. “Wafu tulipanga wanne. Mmoja, wawili, watatu… na huyu. Sawasawa.”

Nilikuja kuelewa baadaye. Yule marehemu wa nne halisi, kijana aliyejitolea, alikuwa ametoka nje kupokea simu na hajarudi. Kwa hiyo hesabu ilitimia kwa sababu yangu. Ningesimama, binti angefeli, na mfu mmoja angetafutwa jengo zima. Nikajilaza. Mtu akikwambia “kaka yangu” kwa sauti ile, unakufa.

Shida ya kufa katika zoezi la namna hii ni kwamba wenye kadi nyeusi huondolewa mwisho kabisa. Dakika kumi zikawa saa nzima na ushee. Juu yangu zikapita picha nilizotumwa: machela mbili zikigongana mlangoni, mtu mwenye mguu uliovunjika akiwaelekeza waokoaji njia, zimamoto mmoja akiomba radhi kwa nguzo. Kidole kilikuwa kinawasha. Nikamkumbuka Mfaransa Hippolyte Bayard, ambaye mwaka 1840 alijipiga picha akijifanya maiti aliyezama majini, kulalamika kwamba serikali imemtukuza Daguerre, mvumbuzi mwenzake wa upigaji picha, na yeye imemwacha. Angalau Bayard alikufa kwa hiari yake, na kapsheni akaiandika mwenyewe nyuma ya picha.

Nilipojaribu kuivuta kamera kwa siri, mkono mwingine ukaiwahi. Kijana mpole, glavu za bluu. Akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika namba inayolingana na ya kadi yangu, akasoma kwa sauti huku akijaza fomu: “Mali ya marehemu. Kamera moja.”

“Naihitaji hiyo,” nikamnong'oneza.

“Pole sana,” akanijibu kwa huruma ya kweli, akaondoka nayo.

Zoezi lilipoisha nikaenda kwenye meza ya mali. Afisa akatazama fomu, akanitazama mimi, akatazama fomu. “Hapa mwenye mali amefariki.”

“Ndiyo mimi.”

“Basi inabidi ndugu asaini.”

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania hata kidogo, kwani utaratibu wa makabidhiano nao ulikuwa unasahihishwa, na yule mzee wa ubao alikuwa amesimama palepale. Nikampigia mhariri. Nikamweleza kwa ufupi. Kimya kirefu, halafu swali moja: “Una picha?”

Akaja mwenyewe, amenuna. Kwenye nafasi ya “uhusiano na marehemu” akaandika “mwajiri”. Tunarudi ofisini, saa ya kufunga kurasa imepita, na ukurasa wa mbele ulikuwa tayari umeondoka na picha iliyotumwa kwa simu na afisa habari wa zimamoto.

Asubuhi nikanunua gazeti langu. Picha ilikuwa nzuri, uniuwe tena nikikataa: moshi, mwanga unaopenya mlangoni, buti mbili mbele. Na kati ya zile buti, kichwa changu, mdomo wazi. Chini yake: “Waokoaji wakimpita mmoja wa ‘maiti’ katika zoezi la jana. Picha na Mpiga Picha Wetu.”

Simu zikaanza. Shangazi alilia kabla ya kusoma zile alama za kunukuu. Mwenye nyumba wangu aliuliza, kwa heshima zote, kama kodi imeshalipwa. Mtu wa mahakamani, yule wa koti, tulipokutana Ijumaa alilishusha koti kidogo, akanitazama, akasema, “Wewe si umekufa?” Nikampiga picha hapohapo, uso mzima. Hadi leo ndiyo picha pekee ya uso wake ambayo gazeti lolote limewahi kupata, na hakuna aliyeniuliza nimeipataje.

Yule binti alifaulu. Zimamoto wakaandika barua ya shukrani, mhariri akanisomea kwa sauti mbele ya chumba kizima cha habari. Wamefurahishwa na ushirikiano. Mwezi ujao wana zoezi la mafuriko, na wangeomba wapewe tena “yule maiti, kwa kuwa alikuwa mtulivu na hakucheka”.

Mhariri akaikunja barua. “Unajua kuogelea?”

“Najua.”

“Basi usiogelee.”