Gambetta Anaendelea

Saa tano usiku! Kati ya saa zote alizoumba Mungu, wakubwa wa St. Petersburg, hapa Urusi, wameichagua hiyo. Tangu kanuni za Agosti hii ya 1882, gazeti la kila siku lililowahi kufungiwa, kama letu, sharti kurasa za kesho zimfikie mkaguzi wa serikali, yule wa kufuta maneno yasiyotakiwa, kabla ya saa tano. Habari ikizaliwa saa tano na nusu ni yatima, watailea wenzetu.

Juzi tarishi wetu kashikwa na homa, nikazipeleka mwenyewe. Mimi, niliyefundisha sheria za Kirumi chuo kikuu, vijana wakinyanyuka nikiingia! Barafu mnaijua. Bawabu akanizuia mlangoni: "Mkono mtupu haulambwi, Profesa." Nikamlambisha.

Mkaguzi anakunywa chai, macho ukutani. "Umechelewa dakika mbili." Natoa saa yangu, bado dakika nne. "Ile ya ukutani ni ya serikali." Basi, jua ndilo lililokosea.

Akasoma. Bei ya ngano, sawa. Tangazo la mbwa aliyepotea, akalirudia. Akafika Paris, kwa yule waziri mkuu wa zamani wa Ufaransa: "Bwana Gambetta anaendelea vizuri." Kalamu ikasimama.

"Vizuri kwa nani?"

"Kwa mgonjwa, mheshimiwa. Alijijeruhi mkono kwa bastola yake mwezi uliopita. Mkono umepona, sasa ni tumbo."

"Huyu ni mtu wa jamhuri. Unataka msomaji aamini kwamba jamhuri inaendelea vizuri?"

"Ni tumbo tu, mheshimiwa."

"Tumbo la nani?"

Hapo sheria za Kirumi zote zilinitoka kichwani. Akalikata "vizuri", akapiga muhuri, akarudia chai.

Usiku uleule, dakika chache kabla ya saa sita kwa saa za Paris, Gambetta akafa. Asubuhi wenzetu wana fremu nyeusi ukurasa mzima. Sisi: "Bwana Gambetta anaendelea." Msomaji mmoja kaniandikia: anaendelea wapi? Nikapeleka taarifa ya kifo, tena mapema, bado mchana. Mkaguzi akashangaa: "Mbona mnamng'ang'ania mtu huyu?"

Jamani, nimechoka! Dhamana yetu ya rubli 5,000 imelala kwao, waziri akinuna tunakatazwa kuuza mitaani, akinuna zaidi tunanyimwa matangazo, na maprofesa wenzangu wanasema nimekuwa mwoga. Njooni basi mshike kalamu!

Mke wangu ananishauri nirudi kwa Warumi wangu, kwa kuwa wamekwisha kufa na hawatakufa tena usiku wa manane. Yeye ana lake, bata bukini wa Krismasi. Wafaransa wameshaila yao, wameingia 1883, sisi kwa kalenda yetu ya Kirusi, iliyo nyuma ya yao siku kumi na mbili, bado tuko Desemba 20 na kitu, na muuza bata kapandisha bei. Nikamwambia huyo ni bata, si farasi. Akanifungia kwa gazeti letu la juzi, ndiyo mauzo pekee ya mtaani tuliyobakiwa nayo, na chenji akanipunja.