Kitochi, simu janja na sikio la mzee

Katika maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mteja akitamka tu kwamba simu anayoitafuta ni ya baba au mama yake, mkono wa muuzaji huelekea kwenye rafu ya vitochi kabla hajauliza swali la pili. Mara nyingi mteja mwenyewe alishaamua tangu nyumbani: mzee apewe simu ya vitufe yenye tochi, redio na chaji ya kukaa siku nne, na mambo ya kupangusa kioo waachiwe wajukuu. Jirani yangu mmoja, fundi redio mstaafu ambaye ameshafungua na kufunga karibu kila aina ya redio iliyoingia mtaani kwetu, alinunuliwa kitochi cha namna hiyo. Alikipokea kwa shukrani, akakiweka kabatini, kisha akaenda kujinunulia simu janja kwa fedha zake. Wanawe walidhani ni ukaidi.

Hoja za wanaomchagulia mzee kitochi zina uzito, na anayezibeza hajawahi kukaa na mzee. Kitufe hujibu chini ya kidole: mtu hukisikia kikizama, hujua kwamba amebonyeza, na hata gizani huipata tano kwa kile kinundu kidogo kilicho juu yake. Kioo cha kugusa hakina hisani hiyo. Hutambua kidole kwa njia ya umeme, na ngozi kavu haikifai. Ngozi ya uzeeni hukauka, na ya mtu aliyeshika jembe au kamba za nyavu kwa miaka 40 ina sugu, kwa hiyo mzee hugusa mara tatu simu ikakaa kimya, kisha akikandamiza kwa hasira hufunguka kitu ambacho hakukitaka. Waliopanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole kabla ya tarehe ya mwisho ya Januari 2020 wanawakumbuka wazee waliowekewa kidole kimoja baada ya kingine mashineni hadi vikaisha vyote kumi. Kitochi pia hakidai bando, hakivunjiki kioo kikianguka sakafuni, wala hakiamki asubuhi kikiwa kimebadilishwa sura na sasisho lililoingia usiku. Hayo yote ni kweli.

Hoja inayosikika zaidi, hata hivyo, ni ya utapeli, na hapo ndipo ninapoanza kutofautiana na wenzangu. Husemwa kwamba mzee mwenye simu janja ataibiwa. Lakini ujumbe wa kitapeli uliozoeleka mno nchini Tanzania, ule wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, ni ujumbe mfupi wa kawaida unaoingia kwenye kitochi kama unavyoingia kwenye simu nyingine yoyote. Mtego wake haufanywi na intaneti. Unamvizia mtu ambaye siku hiyo kweli alikuwa anasubiri kuambiwa atume wapi kodi ya nyumba au ada ya mjukuu. Naye anayepiga akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu ili aombe namba ya siri hahitaji chochote zaidi ya sauti yake. Nakiri kwamba simu janja inaongeza milango ambayo kitochi hakina, hasa programu za mikopo, ambazo baadhi yake huchota namba za watu wote waliomo kwenye simu ya mkopaji ili kumfedhehesha kwao akichelewa kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya watoa mikopo 69 wa mtandaoni waliokuwa wakiendesha shughuli hiyo bila leseni. Ila mtoto anayetaja utapeli kuwa sababu ya kumnyima mzazi simu janja, kisha akamwachia kitochi bila hata kumwonyesha jinsi ya kuripoti ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Jambo ambalo sijawahi kulisikia likipimwa dukani ni sikio, na kwangu mimi hilo ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote. Usikivu unaopungua kwa umri haupungui kwa usawa. Huanza kupotea sauti nyembamba za juu, ndiyo maana mzee husema kwamba anamsikia mtu akizungumza lakini haelewi anachosema. Irabu, ambazo zina nguvu na ziko chini, humfikia. Konsonanti kama s, f na sh, ambazo ni mvumo mwembamba wa pumzi, humpita. Sasa juu ya upungufu huo weka mpaka wa simu yenyewe. Simu ya kawaida, kwa urithi wa enzi za waya, hupitisha sauti iliyo kati ya hezi 300 na 3,400 hivi (hezi ni kipimo cha masafa ya sauti: zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba), ilhali sehemu kubwa ya mvumo wa s iko juu ya hezi 4,000. Maana yake ni kwamba hata kijana mwenye masikio mazima haipati s kamili kupitia simu. Akili yake hulijaza pengo hilo kutokana na maneno yanayoizunguka, na yanapokosekana, kwa mfano anapotajiwa jina geni, inabidi aambiwe “S kama Salima, F kama Fatuma”.

Katika hali hiyo Kiswahili kimeweka tarakimu zake mbili mahali pabaya kabisa. Sita na tisa zina irabu zilezile kwa mpangilio uleule, zina silabi mbili mbili, na konsonanti zake ni zilezile mbili zilizobadilishana nafasi. Sitini na tisini ni vivyo hivyo. Kinachozitenganisha ni kama mvumo wa s umetangulia au umefuata, yaani jambo lilelile ambalo laini ya simu imelikata na sikio la mzee limeliachia. Wala hakuna maneno ya jirani ya kumwokoa msikilizaji, kwa sababu tarakimu haibashiriki: baada ya “laki mbili na” yoyote kati ya hizo mbili inakubalika. Mama akielezwa kwamba fundi wa paa anataka laki mbili na sitini, akasikia tisini, tofauti ya shilingi 30,000 imezaliwa bila mtu yeyote kudanganya, na kwa bahati mbaya lawama itamwendea fundi. Mgonjwa akiambiwa kwa simu kwamba daktari atamwona saa sita, akafika saa tisa, nyumbani watasema kumbukumbu imeanza kumwondoka. Namba ya wakala, namba ya simu, namba ya gari la kumpokea stendi, muda wa kumeza dawa: yote hayo husomwa kwa sauti kila siku, na katika namba ndefu ni nadra sita na tisa zote mbili kukosekana. Wengine wamejitungia dawa yao, wakisema “sita, ile inayofuata tano”. Dawa hiyo inafaa, ila inamtaka msemaji ajue kwamba msikilizaji ana shida, na wazee wetu wengi huona haya kusema. Hujibu “eeh, nimekuelewa” kwa adabu na kukata simu.

Mazungumzo ya WhatsApp hayafungwi na mpaka huo wa kale, kwa kuwa sauti yake hubebwa na mfumo uitwao Opus, ambao unaweza kupitisha masafa mapana zaidi, na ile s hufika. Haki inanidai niongeze kwamba mtandao wa 4G nao unaweza kubeba sauti pana, hadi hezi 7,000 hivi, na kwamba vitochi vipya vya 4G vimeanza kuja na uwezo huo, mradi simu zote mbili na mitandao yake iuunge mkono. Haki hiyohiyo inanidai nikiri kwamba intaneti ikidhoofika, s hiyo hukatika pamoja na sentensi nzima. Lakini simu janja ina msaada mwingine usiotegemea upana wa masafa: ujumbe wa sauti husikilizwa tena na tena. Mzee hana haja ya kumwomba mtu arudie, hana haja ya kuona haya, na anaweza kuuweka spika na kuusikiliza mara nne akiwa peke yake barazani. Kwa mtu anayepoteza konsonanti, tofauti kati ya neno linalopita na neno linalobaki ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya bei iliyoko Aggrey.

Jicho lina hoja fupi zaidi, kwa sababu kila aliyevuka miaka 45 anaijua. Lenzi ya jicho hukakamaa, na maandishi ya karibu huanza kusukumwa mbali hadi mkono unaisha. Kioo cha Nokia 105, kitochi kilichoenea sana, hakifiki inchi 2. Hebu fikiria tokeni ya LUKU, yenye tarakimu 20, ikisomwa humo chini ya mita ya umeme jioni taa zimeshazimika. Kwenye simu janja tarakimu hizo huonekana kwa mkupuo mmoja, kwa ukubwa anaoutaka mwenyewe, na kamera yake hufanya kazi ya lenzi ya kukuza: maandishi madogo ya pakiti ya dawa hupigwa picha na kutanuliwa kwa vidole viwili. Huu si ujuzi wa vijana. Nimewaona wazee wakiugundua wenyewe.

Nalo si ajabu. Aliyetimiza miaka 65 mwaka 2025 aliiona televisheni ikianza Tanzania Bara mwaka 1994 akiwa na miaka 34, na M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 alikuwa na miaka 48, mtu mzima aliyejifunza kutuma fedha kwa simu bila kwenda darasani. Mtu huyo hakuogopa mashine wakati huo. Kinachomchosha leo ni kwamba simu inatoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa jicho na kidole cha kijana, na aliyemnunulia humkabidhi vivyo hivyo. Mfano ninaoupenda ni kidole kinachochelewa kuinuka. Kijana hugusa na kuondoka. Mzee hugusa na kutulia, na simu huhesabu utulivu huo kuwa amri nyingine, ikaanza kuhamisha alama za programu au kumuuliza kama anataka kufuta. Hulaumiwa mkono wake, wakati kwenye mipangilio ya Android ya urahisi wa matumizi kuna sehemu ya kurefusha muda wa kugusa na kushikilia. Samsung zina sura rahisi yenye alama kubwa, na iPhone tangu iOS 17 ya mwaka 2023 zina hali maalumu inayobakiza shughuli chache tu kwenye kioo. Yote hayo ni kazi ya nusu saa. Ninashuku kwamba kitochi kinaponunuliwa “kwa ajili ya urahisi wa mzee”, urahisi unaozungumzwa mara nyingi ni wa yule ambaye hakutaka kuketi naye kwa nusu saa hiyo, na kisha kupigiwa simu tatu za maswali wiki inayofuata.

Kwenye fedha ndipo ninapowaachia upande wa pili ushindi wao. Menyu ya M-Pesa ya *150*00# haina mapambo, haihitaji bando, na mzee aliyeikariri njia yake ya tarakimu huipita akiwa amefumba macho. Kasoro yake ni kwamba haina subira: ukienda kutafuta miwani, inakatika na unaanza upya. Hata hivyo programu ya simu, ambayo vitufe vyake vinaweza kuhamishwa na sasisho na inayokaa jirani na kila kiungo kilichotumwa kwenye kundi la ukoo, bado sioni sababu ya kumlazimisha nayo mtu ambaye menyu inamtosha. Wazee wengi wamelitatua hili kabla yetu. Hubeba simu mbili: janja ya kuongelea, kusikiliza na kutazama, na kitochi chenye laini ya fedha kinachobaki mfukoni au chini ya mto. Vijana huwacheka kwa kutoamua. Mimi naona wameamua vizuri kuliko muuzaji wa dukani, kwa kuwa wametenganisha mazungumzo na fedha, na kila kazi wameipa kifaa kinachoiweza.

Kilichobaki kiko mikononi mwa watengenezaji, na huko mambo ni nusunusu. Kuandika kwa kutamka kulikubali Kiswahili kwenye huduma ya Google mwaka 2017, na kwa kidole chenye sugu hiyo ilikuwa neema. WhatsApp ilipotangaza Novemba 2024 uwezo wa kugeuza ujumbe wa sauti kuwa maandishi, jambo ambalo lingemaliza kabisa ugomvi wa sita na tisa, ilianza na lugha chache na Kiswahili hakikuwamo. Na mwaka 2021, ilipowaruhusu watu kubadili kasi ya kusikiliza ujumbe wa sauti, chaguo zilizoongezwa zilikuwa mbili: mara moja na nusu, na mara mbili. Ya polepole haikuwekwa.